Mashindano ya pikipiki: mbio zinakuwa muchezo siku barabara inafungwa

Mashariki ya Kongo, pikipiki ni kazi, ni ambilansi, ni gari la kubeba mizigo. Kwingine ku dunia ni pia muchezo, wenye sheria zake, waamuzi wake na washindi wake. Muchezo ule ulianza namna gani? Unachezwa namna gani? Na kwa nini mbio za vijana ku gudroni siku ya yenga haziwezi kuitwa muchezo ule? Haya njo maelezo.

Kila muji wa mashariki uko na kipande chake cha barabara chenye vijana wanajua. Gudroni ni nzuri, njia ni nyoofu, polisi haiko karibu. Mangaribi, pikipiki mbili zinasimama bega kwa bega, mutu mmoja anainua mukono, motere zinalia. Wengine wanasimama pembeni na telefone mukononi wapate kuchukua video. Kule mbele, mama mwenye kubeba kitunga cha ndizi anataka kukatisha barabara. Hajui kama kuko mashindano, juu hakuna mutu alimuambia.

Vijana wanaita ile kitu kurse. Lakini kwa watu wenye kufanya muchezo wa pikipiki, kitu cha kwanza cha lazima kinakosekana pale: hakuna mutu alifunga barabara. Na historia ya muchezo ule yote inaanzia pale pale, kwa swali la barabara.

Kisiwa chenye kilifunga barabara zake

Pikipiki ya kwanza yenye motere ya esansi ilitengenezwa Ujerumani katika mwaka wa 1885, na Gottlieb Daimler pamoja na Wilhelm Maybach. Kisha miaka kiloko, watu wenye kuwa na pikipiki walianza kushindana, sawa vile watu walishindana zamani na farasi, kisha na kinga. Shida ilionekana mara moja: washindane wapi? Uingereza, sheria ya mwaka wa 1903 ilikataza mutu kupitisha maili 20 kwa saa, ni kusema kilometa 32 hivi. Na barabara zilikuwa za watu wote.

Jibu lilipatikana ku Isle of Man, kisiwa kidogo kati ya Uingereza na Irlandi, chenye kuwa na bunge lake. Katika mwaka wa 1904, bunge lile lilipitisha sheria ya kuruhusu barabara za kisiwa zifungwe kwa ajili ya mashindano ya magari. Pikipiki zilifuata. Tarehe 28 Mei 1907, pikipiki 25 zilianza mashindano ya kwanza ya Tourist Trophy, yenye watu wanaita TT kwa kifupi. Walifanya mizunguko 10, jumla ya kilometa 254 hivi. Charlie Collier alishinda na pikipiki ya Matchless, kwa mwendo wa katikati wa kilometa 61 kwa saa.

Kilometa 61 kwa saa! Leo motari wa Butembo ao wa Bunia anafikisha mwendo ule na TVS ao Boxer yake bila kutoka jasho, hata na mutu nyuma. Kama mbio peke yake zingefanya muchezo, kila motari angekuwa bingwa. Lakini siku ile kisiwani kulikuwa kitu chenye haiko ku barabara ya kila siku: karatasi ya serikali yenye kusema kama toka saa fulani mpaka saa fulani, hakuna mutu wa miguu, hakuna mukokoteni, hakuna mbuzi mu njia.

Mwaka ule ule wa 1904, mashirika ya inchi mbalimbali yalikutana Paris na kuunda shirikisho lenye leo linaitwa FIM, Shirikisho la Kimataifa la Pikipiki. Leo ofisi yake kubwa iko Uswisi. Ni yenyewe inaandika sheria za muchezo, sawa vile FIFA inafanya kwa futiboli. Katika mwaka wa 1949, FIM ilianzisha ubingwa wa dunia wa mbio za barabara, na mwingereza Leslie Graham alikuwa bingwa wa kwanza wa pikipiki kubwa za 500. Tangu mwaka wa 2002, daraja la juu la ubingwa ule linaitwa MotoGP.

Muchezo moja, matawi mingi

Mutu mwenye anasikia «mashindano ya pikipiki» anafikiri mara moja pikipiki zenye kulala ku kona, magoti yanagusa gudroni. Ile ni tawi moja tu, mbio za sirkui. Sirkui ni njia ya gudroni yenye ilijengwa kwa mashindano peke yake. Inazunguka na kurudi pale ilianzia, na pembeni ya kila kona kuko fasi kubwa ya muchanga ao ya changarawe, ili mutu mwenye kuanguka ateleze mpaka asimame bila kugonga kitu.

Tawi la pili ni motokros. Hapa njia ni ya udongo, na vilima vya kuruka na mashimo yenye yanaendelea kuchimbika kadiri pikipiki zinapita. Muchezo huu ulianza Camberley, Uingereza, katika mwaka wa 1924. Ku ubingwa wa dunia, washindani 40 wanajipanga ku mustari mumoja nyuma ya kizuizi cha chuma. Kizuizi kinaanguka, wote wanatoka mara moja, wanakimbia dakika 30 na kuongeza mizunguko 2. Wanapumzika, kisha wanarudia mara ya pili, na alama za mbio zote mbili zinajumlishwa. Wabelji walikuwa walimu wakubwa wa muchezo huu: Joël Robert alikuwa bingwa wa dunia mara 6, Roger De Coster mara 5, na Stefan Everts mara 10.

Tawi la tatu linaitwa spidwei. Wapanda pikipiki wane wanazunguka mara 4 ku njia fupi ya udongo yenye umbo la yai, kila wakati wanakata ku mukono wa kushoto. Pikipiki zao ziko na vitesi moja tu, na hazina freni. Polandi, muchezo huu unajaza viwanja sawa vile futiboli.

Tawi la ine ni rali, mashindano ya safari ndefu. Yenye kujulikana zaidi ni Dakar. Mufaransa Thierry Sabine aliianzisha, na watu walitoka Paris tarehe 26 Desemba 1978 kuelekea mji mukubwa wa Senegali. Cyril Neveu alishinda na Yamaha ya 500. Kwa miaka mingi rali ile ilipita mu jangwa na mu vijiji vya Afrika, fasi barabara hazikufungwa. Wanakijiji waligongwa na kufa, na watoto walikuwa kati yao. Mwaka wa 2008 rali ilifutwa kwa sababu ya usalama katika Mauritania, kisha ilihamia Amerika ya Kusini, na tangu 2020 inafanyika Arabia Saudita. Leo kila pikipiki inabeba chombo chenye kuonyesha iko fasi gani na inaenda mbio gani. Mutu mwenye kupitisha mwendo wenye uliwekwa fasi kuko watu anapewa azabu, hata kama alikuwa wa kwanza.

Kisha kuko trial, na hii motari wa barabara ya matope ataielewa mbele ya wote. Mu trial hakuna mbio. Mupanda pikipiki anapita polepole juu ya majiwe, magogo na maji, na kazi yake ni kutoweka muguu chini. Muguu ukigusa chini mara moja, anaandikiwa alama 1. Mara mbili, alama 2. Mara tatu na zaidi, alama 3. Akianguka ao akishindwa kupita, alama 5. Mwenye kuwa na alama kiloko njo mushindi. Muhispania Toni Bou alipata ubingwa wa dunia kila mwaka toka 2007 mpaka 2024 bila kukosa hata moja, na wengi ku dunia hawamujui, juu muchezo wake hauna kelele.

Siku tatu za kutafuta nukta za sekonde

Namna mashindano yanapita, mufano muzuri ni MotoGP. Wapanda pikipiki 22 hivi wanazunguka dunia muzima, na kwa mwaka kuko mashindano kupita 20. Kila mashindano yanachukua siku tatu.

Siku ya tano wanajaribu njia. Wanatafuta mipira ya namna gani inafaa na fasi gani ya kufunga freni. Siku ya posho asubui, kila mutu anatafuta kufanya muzunguko wa mbio zaidi peke yake, na saa zenye anapata njo zinaonyesha ataanzia fasi gani. Wanajipanga watatu watatu kwa mustari. Kuwa mbele ni faida kubwa, juu kupita mwenzako ku kona ni kazi ngumu. Nyuma ya saa sita, tangu mwaka wa 2023, kuko mbio fupi yenye inaitwa sprint. Ni nusu ya mbio ndefu, na mushindi anapata alama 12. Siku ya yenga ni mashindano makubwa: karibu dakika 40 ao 45, kilometa 100 na zaidi. Mushindi anapata alama 25, wa pili 20, wa tatu 16, na inashuka vile mpaka mutu wa 15 mwenye anapata 1. Mwisho wa mwaka, mwenye kujumlisha alama nyingi njo bingwa wa dunia. Kwa hiyo kuko wakati wa kupigania nafasi ya kwanza, na kuko wakati mutu mwenye akili anakubali ya tatu ili asianguke na kukosa yote.

Mushindani hawezi kufanya vile anataka. Akitoka mbele taa nyekundu haijazimika, anapewa azabu. Akikanyaga mara nyingi rangi ya kijani yenye iko inje ya mupaka wa njia, anapewa azabu pia: kwa mufano anapitishwa fasi ndefu zaidi ku kona moja, na pale anapoteza sekonde zaidi ya mbili.

Mu kila kona kuko watu wenye wanashika bendera, na wote wanapashwa kuzitii. Bendera ya rangi ya njano inasema: kuko hatari mbele, punguza, usipite mwenzako. Ya bluu: mwenye mbio zaidi iko nyuma yako, mwachie njia. Nyeusi yenye namba ya mutu: wewe, toka mu mashindano. Nyeusi yenye duara ya machungwa: pikipiki yako iko na shida, labda inamwanga mafuta, toka mu njia mara moja. Nyekundu: mashindano yamesimama, wote warudi polepole. Bendera ya miraba nyeusi na nyeupe: mwisho. Bingwa wa dunia mwenye kupita mwenzake chini ya bendera ya njano anaazibiwa sawa vile mwanafunzi.

Kona inakatwa namna gani

Pikipiki ya MotoGP iko na motere ya 1000, kilo zaidi ya 150, na nguvu za farasi kupita 250. Boxer ya 150 yenye kubeba watu mu miji ya mashariki haifiki farasi 15. Katika mwaka wa 2023, ku sirkui ya Mugello, Italia, pikipiki ya MotoGP ilipimwa kilometa 366 kwa saa. Ni zaidi ya metre 100 kwa kila sekonde: kiwanja kizima cha futiboli wakati mutu anafunga na kufungua macho mara moja.

Lakini ku muchezo huu, kukimbia ku njia nyoofu ni kitu chenye kila mutu anaweza. Mashindano yanashindwa ao yanapotea pale mutu anafunga freni na kuingia ku kona. Pikipiki ikifunga freni, uzito wake wote unakuja mbele, mupira wa mbele unashikilia chini kwa nguvu, na ule wa nyuma unakuwa mwepesi. Kwa hiyo freni ya mbele njo inafanya kazi kubwa. Ku barabara wamotari wengi wanaiogopa, wanafunga ya nyuma peke yake, na pikipiki inateleza. Ku sirkui wanafundisha kutumia zote mbili, na ile ya mbele kuikamata polepole kwanza, kisha kwa nguvu, bila kuishitukiza.

Kisha mupanda pikipiki anailaza. Bingwa anailaza digri 60 na kupita, mpaka goti na hata kiwiko vinagusa chini. Anatoa mwili wake upande wa ndani ili pikipiki yenyewe isilale kupita kipimo, na goti linamusaidia kupima amebakiza fasi gani. Ile yote inawezekana kwa sababu gudroni ya sirkui inafagiliwa, mipira imepashwa moto mbele ya kutoka, na hakuna shimo ao mafuta yenye kumwangika. Mutu akijaribu kitu kile na mipira yenye kwisha, ku barabara yenye muchanga, pikipiki haitamungojea afikiri mara ya pili.

Waafrika mu mashindano haya

Wengine wanasema kama huu ni muchezo wa Wazungu na Wajapani. Historia haikubali. Katika mwaka wa 1961, Gary Hocking, mwenye alikomea katika Rodezia, inchi yenye leo inaitwa Zimbabwe, alikuwa bingwa wa dunia wa 350 na wa 500. Jim Redman, alitoka kule kule, alipata ubingwa mara 6 na pikipiki za Honda kati ya 1962 na 1965. Kork Ballington wa Afrika ya Kusini aliupata mara 4 katika 1978 na 1979. Inapashwa kusemwa pia kama wote walikuwa weupe, wakati sheria za inchi zile zilifungia weusi milango mingi.

Afrika ya Kusini ilipokea mashindano ya ubingwa wa dunia ku Kyalami, kisha ku Welkom toka 1999 mpaka 2004. Leo jina lenye kujulikana zaidi ni Brad Binder, alizaliwa Potchefstroom. Alikuwa bingwa wa Moto3, daraja la pikipiki ndogo, katika 2016. Katika mwezi wa 8 wa 2020, ku Brno, Chekia, alishinda mashindano ya MotoGP ku mara yake ya tatu tu kushiriki, na alikuwa mutu wa kwanza wa Afrika ya Kusini kufanya vile ku daraja ile. Ile kilometa 366 ya Mugello, pia ni yeye.

Karibu zaidi na sisi watu wa mashariki, Uganda iko na motokros. Ku njia kama ile ya Busiika, kaskazini ya Kampala, watoto wanaanza na pikipiki ndogo za 50, wamevaa kaske, vifungo vya kifua na vya magoti, wazazi wao wanawaangalia pembeni. Na wasichana pia wanapanda. Ku dunia, Muhispania Ana Carrasco alionyesha njia katika 2018: alikuwa mwanamuke wa kwanza kupata ubingwa wa dunia wa mbio za sirkui akishindana na wanaume, ku daraja la Supersport 300.

Hatari haikuisha

Haitakuwa kweli kusema kama sheria ziliondoa kifo. Ku njia ya milima ya Isle of Man, yenye urefu wa kilometa 60, yenye kupita kati ya nyumba na kuta za majiwe, wapanda pikipiki zaidi ya 260 walikufa tangu 1911. Katika 1972, kisha kifo cha Gilberto Parlotti, bingwa mukubwa Giacomo Agostini, mwenye kuwa na ubingwa 15, alisema hatarudi tena pale. Wengine walimufuata. Kisha 1976, TT iliondolewa mu ubingwa wa dunia. Inaendelea mpaka leo, lakini hakuna mutu analazimishwa kwenda kutafuta alama kule.

Katika mwaka wa 2021, vijana watatu walikufa mu mashindano ya pikipiki ndogo: mumoja alikuwa na miaka 19, mwingine 15, mwingine 14. FIM ilijibu kwa kupandisha miaka: tangu 2023, kwa kawaida mutu mwenye hajafikisha miaka 18 haruhusiwi ku ubingwa wa dunia. Tangu 2018, kila mupanda pikipiki wa MotoGP analazimishwa kuvaa nguo ya ngozi yenye mufuko wa hewa ndani. Mutu akianguka, mufuko unajaa mbele mabega hayajagusa chini.

Na kuko hatari ya kukosa uvumilivu. Katika mwezi wa 7 wa 2020, Marc Márquez wa Hispania, bingwa wa dunia wakati ule, alianguka Jerez na kuvunja mukono wa kuume. Wanganga walimupasua, na kisha siku 4 alipanda tena pikipiki. Mukono ulimushinda, na chuma chenye walimuwekea kilivunjika kisha siku kiloko. Ilifuata upasuaji wa pili, wa tatu, na wa ine katika 2022. Alipata tena ubingwa katika 2025, miaka 6 kisha ule wa mbele. Siku zile ine zilimugharimu miaka.

Kitu gani barabara inaweza kujifunza

Motari wa mashariki hashindanie alama, anashindania mukate wa watoto. Lakini hesabu ya freni ni moja kwa wote. Kama pikipiki ku kilometa 40 kwa saa inahitaji metre 10 ili isimame, ku kilometa 80 haitahitaji 20, itahitaji 40 hivi. Mwendo mara mbili, njia ya kusimama mara ine. Na ile ni bila kuhesabu sekonde moja yenye mutu anatumia ili ashituke na kukamata freni. Ku kilometa 60, sekonde moja ni metre karibu 17, na pikipiki haijaanza hata kupunguza. Mama wa kitunga cha ndizi yuko ndani ya metre zile 17.

Kitu cha pili ni kaske. Uchunguzi wenye ulikusanywa toka inchi mbalimbali ulionyesha kama kaske inapunguza hatari ya kufa mu aksida kwa asilimia 42 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi. Ni kaske yenye kufungwa chini ya kidevu. Ile yenye inatundikwa ku gidoni ili polisi asisumbue haichungi mutu. Mu mashindano, mutu mwenye kaske yake ilishapiga chini kwa nguvu anaiacha na kuchukua ingine, hata kama kwa macho haionekane kupasuka, kwa maana ndani imeshafanya kazi yake. Na kila mara kaske ni moja kwa kila kichwa, pia kichwa cha mutu wa nyuma.

Kama vijana wa karti wanataka kuanza

Muchezo huu hauombe sirkui ya mamilioni ya dola ili uanze. Uingereza ya 1924 walianza na vilima na udongo, na ile vitu mashariki haikose. Trial inaweza kuanza na pikipiki ya kila siku, magogo, majiwe, kamba ya kuonyesha mupaka, na mutu mwaminifu mwenye kuandika kila muguu wenye kugusa chini. Hakuna mbio, watazamaji wanaona yote karibu, na mutu akianguka anaanguka polepole.

Kwa motokros, mambo ni makubwa kidogo. Inaomba uwanja wenye mwenyewe alikubali, ruhusa ya komini ao ya administrateri wa teritwari, na kamba ao uzio wa kuzuia watu na mifugo. Inaomba watu wenye kujua bendera, wawili kwa kila fasi yenye kona ao kilima haviachi mutu kuona mbele. Inaomba munganga na gari ya kubeba mugonjwa, na hospitali iwe imejulishwa mbele. Inaomba kuangalia freni, mipira na kaske za wote mbele ya kuanza, na kukataza mwenye alikunywa. Kama gari ya mugonjwa inatoka kubeba mutu, mashindano yanasimama mpaka irudi. Vile njo wanafanya hata ku MotoGP: kama helikopta ya kubeba mugonjwa haiwezi kufikia hospitali, wapanda pikipiki wanangoja.

Na kuko sheria moja ya MotoGP yenye haiombe feza. Pembeni ya sirkui kuko njia ndogo yenye kupita mbele ya garaje za timu, fasi mafundi wanatembea na miguu, wanasukuma mipira, wanabeba vyombo. Mupanda pikipiki mwenye sasa hivi alikuwa ku kilometa 300 na kitu anapoingia pale, anafinya kifungo kimoja ku gidoni, na pikipiki inabaki ku 60. Ni mwisho wenye uliwekwa. Akipitisha, anaazibiwa, hata kama ni bingwa wa dunia, hata kama hakugusa mutu. Fasi kuko watu wa miguu, mashindano yamekwisha.